Kisiki si Mti Uliokufa

Wanafunzi wa zamani sina haja ya kuwaeleza kisiki ni kitu gani. Katika shule nyingi za nchi zetu hizi kisiki kilikuwa adhabu. Mwanafunzi aliyechelewa kengele, au aliyeruka ua kwenda sokoni siku ya Jumamosi, hakupewa maneno mengi. Alionyeshwa kisiki, akapewa jembe lenye mpini uliolegea, akaambiwa, "Ukimaliza njoo uniite." Jambo la kuchekesha ni kwamba kisiki kimoja kiliweza kutumika miaka mitatu au minne. Kila mwenye kosa alichimba shimo la kufika magotini, akatoka malengelenge mikononi, muda wa adhabu ukaisha, kisha mvua ikaja ikalijaza shimo udongo, na kisiki kikamngojea mkosaji mwingine.

Kwa ajili hiyo wengi wetu tulimaliza masomo tukiamini kwamba kung'oa kisiki ni kazi ya nguvu tupu na hasira. Mimi niliikuta kazi hiyo tena nikiwa mtu mzima, wala si kwa kosa lolote, bali kwa ajili ya shamba la mama yangu katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Bugisu. Nimeona kwamba yataka akili kuliko nguvu, na tena inaweza kuleta ugomvi katika nyumba ambayo haikuwa na ugomvi.

Marehemu baba alipanda mikaratusi mwaka 1988 katika kipande cha kiasi cha nusu eka. Kipande hicho kinaanza nyuma ya jiko, kinakwenda tambarare kidogo, kisha kinapanda ghafula kwenye ukingo mkali wa kilima. Miti hiyo, ambayo wengine hapa Uganda huiita kalitunsi, asili yake ni Australia, nayo ililetwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuni na nguzo, na mahali pengine kwa kukausha mabwawa. Kila aliyeipanda aligundua upesi kwamba ina tabia moja ambayo miti mingi haina: ukiikata, haikasiriki. Baada ya wiki chache kisiki kinatoa machipukizi mengi kama nywele, nawe ukiyapunguza ukabakiza mawili au matatu yaliyo imara, baada ya miaka saba au minane unazo nguzo nyingine, bila kupanda tena na bila kupalilia.

Baba alikata mwaka 1997, na fedha zile zikamsomesha ndugu yangu mkubwa. Akakata mwaka 2005, nami nikasomeshwa. Akakata tena mwaka 2013, dada yetu wa mwisho akaingia chuo cha ualimu. Alifariki mwaka 2019. Ilipofika 2021 nguzo zilikuwa zimekomaa mara nyingine, tukamwita mnunuzi mmoja, naye akaja na msumeno wa mashine akakata yote kwa siku mbili. Alikata chini kabisa, karibu na udongo, maana kwake kila inchi ya nguzo ni fedha. Tulibaki na visiki thelathini na nane: ishirini na saba katika sehemu ya tambarare, na kumi na kimoja ukingoni juu.

Hapo ndipo mama aliposema kwamba sasa anataka shamba lake. Alikuwa amekaa kimya miaka thelathini na mitatu. Mashamba yetu ya migomba na maharagwe yako mbali, ng'ambo ya kijito, na miguu yake haimpeleki tena. Nyuma ya jiko pana udongo mweusi mzuri, karibu na maji ya kuoshea vyombo na jivu la mekoni, na udongo huo wote unalisha miti isiyoliwa. "Baba yenu aliwasomesha, nami namshukuru," alisema. "Lakini mimi siwezi kupika nguzo."

Ndugu yangu mkubwa hakufurahi. Mwanawe wa kwanza alikuwa karibu kuingia kidato cha kwanza, na katika hesabu zake nguzo za mwaka 2029 zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi. Akaniambia mimi, si mama, maana mama haambiwi hivyo: "Visiki hivi ndivyo vilivyokuvalisha viatu. Leo wewe una mshahara, ndiyo sababu unaona ni uchafu wa kung'olewa." Nilikosa la kumjibu, kwa kuwa alisema kweli. Mtu anayeona kisiki anaona kitu cha kujikwaa, na mtu mwingine anaona sanduku la akiba lililozikwa. Wote wawili wanaona sawasawa.

Na hapa nataka nisimame kidogo nieleze kisiki kinavyoishi, maana ndiyo ufunguo wa kazi yote. Majani ya mti hutengeneza chakula kwa jua, na sehemu ya chakula hicho hupelekwa chini ikawekwa katika mizizi kwa namna ya wanga, kama mtu awekavyo mtama ghalani. Mti ukikatwa, ghala halikuguswa. Chini ya gome la kisiki mnalala macho madogo yasiyoonekana, na kichwa cha mti kikiondoka, macho hayo huamka, yakafungua ghala, yakala wanga, yakapanda juu kuwa machipukizi. Wakulima wa kahawa wa Bugisu wanalijua jambo hili vizuri ijapokuwa hawalisemi kwa maneno haya. Mbuni uliozeeka hukatwa kwa mshazari kiasi cha futi moja kutoka ardhini, nao huchipua ukawa kijana tena. Hupunguzwa ukabakizwa na vichipukizi viwili au vitatu, na baada ya miaka miwili hivi unazaa. Nguvu ile ile ambayo kwa kahawa tunaiombea, kwa mkaratusi uliosimama mahali pabaya tunailaani.

Kwa hiyo anayepiga kisiki shoka juu tu anapoteza jasho. Anayepigana naye yuko chini, na ana chakula.

Shauri la nyumbani lilifikishwa kwa baba yetu mdogo, kama ilivyo desturi. Alikuja asubuhi moja, akakataa kiti, akatembea katika kipande chote akigusa kila kisiki kwa fimbo. Tulidhani atahesabu fedha. Alipofika kwenye ukingo akasimama muda mrefu, akatazama juu kilimani. Kisha akasema: "Vya chini ni vya mama yenu, ng'oeni. Vya juu asiviguse mtu."

Ndugu yangu alidhani ameshinda nusu ya kesi. Lakini mzee hakuwa akifikiri nguzo. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, upande wa kilima uliporomoka katika wilaya ya Bududa ukafunika kijiji cha Nametsi pamoja na watu wake, na mwezi wa Oktoba 2018 maporomoko mengine yalishuka Bukalasi katika wilaya hiyo hiyo. Kila mtu wa mlima huu mwenye umri wa kutosha anajua alikuwa wapi siku hizo. Mizizi ya miti hushona udongo wa mteremko kama uzi. Ukikata mti ukaacha kisiki kife, mizizi myembamba huoza kwanza, na mteremko hupungukiwa nguvu pole pole. Hatari yake haiji mwaka ule wa kukata bali miaka kadha baadaye, watu wakiwa wamesahau. Ukichimba mashimo kumi na moja katika ukingo, unayapa maji ya mvua mashimo kumi na moja ya kuingilia. Ukingo ule uko juu ya jiko anamopikia mama.

Sisemi kwamba mkaratusi unaweza kuzuia kilima kizima kisishuke, maana panapovunjika mwamba na udongo wa kina kirefu mizizi haifiki. Lakini ukingo mdogo wa nyuma ya nyumba ni jambo jingine. Nilikuwa nimesoma habari hizi vitabuni, wala sikuwa nimezifikiria nikiwa nimeshika sururu. Mzee hakuwa amezisoma.

Basi tulibaki na ishirini na saba. Walitokea washauri wengi, kama inavyokuwa siku zote mtu akianza kazi ngumu mahali panapopita njia. Mmoja alisema tutoboe visiki tukajaze chumvi. Chumvi inaweza kuua kisiki, ni kweli, lakini hukaa katika udongo, na mama alitaka apande maharagwe hapo, naye hana shamba la kutupa. Mwingine alisema mafuta machafu ya gari. Shemeji yetu alisema iko dawa dukani, ambayo hupakwa pembezoni mwa kisiki, karibu na gome, mara tu mti ukatwapo, kabla jeraha halijakauka. Dawa hiyo hufanya kazi, lakini saa yake ilikuwa imekwisha kupita, na mama hakutaka kusikia habari ya sumu karibu na sufuria zake.

Wa nne alitaka kutuletea tingatinga kwa kukodi. Huyo alituvuta zaidi, maana angemaliza kwa siku moja. Lakini tingatinga likiondoa kisiki huondoa na udongo mweusi wote uliokizunguka, na magurudumu yake hukandamiza ule uliobaki mpaka unakuwa kama sakafu. Nami nilikumbuka habari ya Kongwa katika Tanganyika. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko, wakaleta matrekta mengi, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za shamba. Vichaka vya juu vililala vilipovutwa kwa minyororo mizito, lakini mizizi ilibaki ardhini ikavunja majembe ya mashine, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kupita kiasi. Ziko sababu nyingine nyingi, na mvua ilikuwa mojawapo. Mapema mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango ule, baada ya kupotea kiasi cha pauni milioni 36. Nilimweleza mama habari hiyo kwa ufupi. Akauliza kama wale watu walikuwa na baba mdogo wa kuwashauri.

Aliyetufundisha kazi yenyewe ni mzee mmoja jirani ambaye katika ujana wake aling'oa visiki kwa kandarasi, akilipwa kwa kila kimoja. Kwanza alitulaumu kwa upole kwa jinsi miti ilivyokatwa. Mtu anayejua kwamba atang'oa kisiki, alisema, haukati mti kwanza. Huchimba kuuzunguka ukiwa umesimama, akakata mizizi ya upande mmoja, kisha huufunga kamba juu, na uzito wa mti wenyewe ndio unaong'oa kisiki unapoanguka. Na kama ni lazima kukata, basi akate kwa kimo cha kifua, apate mahali pa kushika. Kilichokatwa sawa na udongo ni sawa na jino lililovunjika ndani ya ufizi.

Kisha akatupangia. Hakuturuhusu kuanza kuchimba kila mahali, kwa kuwa hatukuwa na watu wa kutosha. Visiki kumi na viwili vilivyo karibu na jiko tungechimba msimu ule. Vilivyobaki kumi na vitano tungevinyima chakula kwanza. Tulifukua udongo kando ya kila kimoja kiasi cha kiganja, tukabambua gome lote kwa panga mpaka chini ya usawa wa ardhi, maana macho ya kuchipua yako chini ya gome hilo. Vingine vilichipua hata hivyo, kutoka mahali tuliposahau, na hapo tulikuwa na amri moja: chipukizi likifika magotini, likatwe. Si kabla, wala si baada. Likiwa dogo sana halijala wanga wa kutosha kutoka mizizini; likiwa kubwa limekwisha kuwa na majani mengi, nalo linaanza kurudisha ghalani zaidi ya lilichokula. Mama ndiye aliyeishika kazi hiyo. Kila asubuhi alitoka na panga lake dogo, akapita kisiki hadi kisiki, kama mwalimu anayekagua kucha.

Baadaye nilisoma kwamba jambo la namna hii lilichunguzwa katika Nyasaland, yaani Malawi ya leo, katika miaka ya 1930. Wakulima wa chai walikuwa wakifyeka msitu na kupanda michai, na baada ya miaka michache michai ilikufa kwa kuoza mizizi. Mwuaji ni kuvu aitwaye amilaria, anayekaa katika mizizi ya miti ya zamani iliyobaki ardhini, akila wanga wake, kisha akatambaa mpaka kwenye mizizi ya michai. Mtaalamu mmoja, Leach, alionyesha kwamba mti ukibambuliwa gome kwa kuuzunguka muda mrefu kabla ya kukatwa, chakula cha juu hakishuki tena, mizizi hula akiba yake mpaka ikaisha, na kuvu huyo hapati karamu. Miti mingine yataka mwaka, mingine zaidi. Nilipoyasoma hayo nilikwenda kumweleza yule mzee jirani. Akanisikiliza vizuri, akasema kwamba yeye alifundishwa na baba yake, na akaniuliza kama yule Mzungu aliwahi kulipwa kwa kila kisiki.

Sasa nieleze uchimbaji, maana najua wako wasomaji watakaokutana nao. Tulianza mvua za kwanza zilipolainisha udongo. Ukichimba wakati wa kiangazi unachimba tofali; ukichimba mvua zikizidi unachimba uji. Unapiga mviringo kwa sururu, hatua moja kutoka kwenye kisiki, na udongo mweusi unautupa upande mmoja, mwekundu upande wa pili, usivichanganye. Mizizi ya pembeni itaanza kuonekana, minene kama mapaja. Hapa wanafunzi wa adhabu hukosea wote: hupiga shoka papo hapo kwenye udongo. Shoka likila mchanga mara tatu halifai hata kukata mkate. Sharti uufukue mzizi, uzunguke chini yake, uufute kwa majani au uuoshe kwa maji, ndipo ukate. Tena kila mzizi unaukata mara mbili, mara ya kwanza karibu na kisiki na ya pili mbali kidogo, ukaondoa kipande cha katikati, upate nafasi ya kuingiza mkono na chombo. Tulikuwa na mashoka mawili, zuri na baya, na tupa iliyofungwa kwa kamba isipotee. Katika saa nane za kazi, karibu moja nzima ilikuwa ya kunoa, na hiyo ndiyo saa iliyotuletea faida kuliko zote.

Mizizi ya pembeni ikiisha, kisiki bado hakitikisiki. Kijana asiyejua hukata tamaa hapo. Iko mizizi mingine inayoshuka wima chini ya tumbo la kisiki, nayo haionekani. Mahali petu ardhi ilikuwa imeinama kidogo, basi tulichimba zaidi upande wa chini, tukaingiza boriti ndefu upande wa juu, jiwe likiwa chini yake, watu watatu tukaining'inia. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na boriti yenyewe ilikuwa nguzo ya mkaratusi ule ule, iliyokataliwa na mnunuzi kwa kuwa imepinda. Kisiki kikilia, mmoja hushuka pembeni, kamwe si mbele yake, akakata mzizi uliojitokeza. Kisha tunaning'inia tena. Cha kwanza kilituchukua siku mbili na nusu. Cha sita kilitoka kwa siku moja. Hatukuwa na nguvu zaidi. Tulikuwa tumeanza kujua mahali mizizi inapojificha.

Viwili vilikuwa vikubwa mno, vimeungana mizizi, kisiki cha mpingo hasa ijapokuwa ni mkaratusi. Hivyo tuliviacha vikauke mpaka kiangazi, tukavichimbia handaki, tukapanga kuni kavu na kuvifunika kwa majani na udongo kama tanuri la makaa. Moto haukuwaka, ulitafuna tu, siku nne mchana na usiku, na mtu mmoja alilala karibu nao, maana moto wa namna hiyo waweza kuufuata mzizi mkavu chini ya ardhi ukatokea mahali usipotazamia. Nilipata bahati ya kuwa mlinzi usiku wa pili. Ndugu yangu alikuja saa tano ya usiku na viazi vitamu, tukavichoma katika jivu la pembeni. Hatukuzungumza habari za nguzo. Alizungumza habari za baba, jinsi alivyobeba miche ile mwaka 1988 kutoka Mbale ndani ya kikapu, akaitilia maji kwa kata miezi miwili ya jua, na majirani wakamcheka kwamba anapanda kuni. Ndugu yangu alikuwa na umri wa miaka saba, na ndiye aliyemshikia kata. Mimi sikuwa nimezaliwa. Niliyasikia hayo kwa mara ya kwanza nikiwa nimekaa mbele ya moto unaoteketeza kazi ile.

Mwezi wa Agosti 2022 kazi ilisimama kabisa. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa jando, na katika Bugisu wakati wa imbalu huwezi kumpata kijana wa kuchimba shimo hata ukimlipa mara mbili. Wote wako barabarani na ngoma na njuga. Wazee husema ni vizuri, kwani udongo nao upumzike. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudi kazini kwangu, na ndugu yangu ndiye aliyesimamia vilivyobaki. Yeye aliyekuwa hataki king'olewe hata kimoja alitoa kumi na vitatu. Vile vilivyonyimwa chakula mwaka mzima vilitoka kwa urahisi wa ajabu, vingine kwa nusu siku, mizizi yake ikiwa imelegea na gome lake likimenyeka kama ndizi iliyoiva. Mbegu za uyoga zilikwisha kuingia, na mchwa walikuwa wamefanya sehemu yao bila ujira.

Kabla ya kujaza mashimo tuliokota kila kipande cha mzizi kilichokuwa kinene kuliko kidole gumba, kwa sababu ya yule kuvu niliyemtaja. Udongo mwekundu ulirudi chini, mweusi juu, pamoja na samadi na jivu. Visiki vyenyewe tulivipasua kwa kabari, na kuni zake zilipika katika jiko la mama mpaka Krismasi. Kuni za kisiki hazina moshi mwingi, nazo hushika moto usiku kucha. Watu wa mjini hawalijui hilo.

Mwezi wa Machi 2023 mama alipanda maharagwe, na katika mashimo ishirini akatia migomba. Kwa hesabu yake mwenyewe alipata debe mbili na nusu za maharagwe katika msimu wa kwanza, si nyingi, kwa kuwa udongo ule ulikuwa umechoka kunyonywa na miti. Msimu wa pili alipata zaidi. Kule ukingoni visiki kumi na kimoja vimebaki, kila kimoja kimebakizwa machipukizi mawili, na ndugu yangu huyapogoa mwenyewe wala hapendi kusaidiwa. Amepanda na matete katikati yake ili udongo usishuke. Nguzo za kumi na kimoja hazifikii za thelathini na nane, kwa hiyo karo ya mwanawe tumeigawana sisi watatu, dada yetu akiwamo, na fungu langu ndilo kubwa, maana nilikumbushwa habari ya viatu.

Viko viwili katika vile ishirini na saba ambavyo havikung'olewa hata leo. Viko mpakani, pale tambarare inapoanza kuwa ukingo. Mama asema ni vya chini, ni vyake, na anayo mbegu ya maboga tayari. Ndugu yangu asema ni vya juu. Baba yetu mdogo aliitwa tena mwezi wa Desemba uliopita. Akaja na fimbo yake, akasimama katikati ya visiki hivyo viwili, akapima kwa jicho, akaomba chai.